Ng'ombe wa Shukrani

Mchinja kwa hasira hula peke yake.

Bibi Nakijwa aliyasema maneno hayo bila kuinua macho, huku mikono yake ikigeuza tangawizi iliyoanikwa kwenye sakafu ya saruji. Wajukuu zake wawili, Zuhura na Godlisten, walikuwa wamefika mahali pabaya katika ubishi wao. Walianza na wagombea, wakapita kwenye vyama, wakaingia msikitini na kanisani, na sasa kila mmoja alikuwa anatafuta neno la kumuumiza mwenzake. Waliposikia habari za kuchinja wakanyamaza, maana pale hapakuwa na mnyama wala mchinjaji. Zuhura akauliza msemo huo umetoka wapi. Bibi akavuta kigoda, akakaa. Akawaambia haukutoka mbali, umetoka hapa hapa Kilongwa kwa watu wenye majina aliowajua yeye mwenyewe, na kwamba ulizaliwa namna hii.

Mwaka ule vyama vingi vilikuwa vimerudi, na watu wa milimani walikuwa bado wanajifunza kuwa jirani anaweza kumpigia kura mtu mwingine na bado akawa jirani. Hapa Kilongwa aliishi mkulima wa tangawizi aliyeitwa Anaeli Senkondo. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa sauti nzito na shati safi, na kadi ya chama kikongwe alikuwa nayo tangu ujana. Ng'ambo ya mfereji aliishi Hemedi Senkondo. Jina la ukoo lilikuwa moja kwa sababu babu zao walikuwa ndugu wa tumbo moja. Mmoja alibatizwa na wamisionari. Mwingine alisilimu kwa mwalimu aliyepanda mlima na msahafu kwenye mkoba. Tangu hapo nyumba za ukoo zikawa na dini mbili, lakini mfereji wa maji ukabaki mmoja, na makaburi yakabaki kwenye shamba moja.

Ukoo ule ulikuwa na desturi yake ya nyama. Mkristo akiwa na shughuli, iwe arusi au Krismasi, hakuchinja mwenyewe. Alimwita ndugu yake Mwislamu aje na kisu, amwelekeze mnyama kibla, ataje jina la Mwenyezi Mungu na kuchinja, ili siku hiyo asiwepo mtu wa kukaa pembeni na ndizi za kuchemsha wakati wenzake wanakula pilau. Na Mwislamu akichinja siku ya Idi, Mkristo alikuja kuchuna na kukata, akaondoka na paja. Hakuna aliyeiandika desturi hiyo wala aliyeifundisha. Penye shughuli ya Anaeli, Hemedi alishika kisu na Anaeli alishika pembe. Ilikuwa hivyo tangu baba zao.

Watu hawa wawili walibishana sana. Zamu zao za maji zilifuatana, kwa hiyo walikutana kwenye ukingo wa ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, wakakaa kusubiri lijae. Hapo waligombania kila kitu. Anaeli alimuuliza Hemedi itawezekanaje Mungu asiwe na Mwana, na Hemedi alimuuliza Anaeli itawezekanaje awe naye. Anaeli alisema chama chake ndicho kilicholeta shule. Hemedi alisema ni kweli, na ndicho kilichosahau kuleta madirisha. Mtu akipita aliwasikia tangu mbali, akadhani kuna kesi. Lakini kila mmoja alimwacha mwenzake amalize. Bwawa likijaa walifungua maji, wakaagana, wakaenda kumwagilia, na hakuna aliyemshinda mwenzake hata siku moja.

Mwaka huo wa uchaguzi mama yake Anaeli, Bibi Nakundwa, aliugua tangu mwanzo wa masika, akalazwa hospitali ya bondeni, na watu wakaanza kuzungumza kwa sauti ya chini. Akapona. Alirudi amekonda, amebaki macho na maneno. Anaeli akataka kumfanyia shukrani. Akamuuliza mama yake anatamani nini, kama ni kwaya au ni mchungaji kutoka usharika mkubwa. Bibi Nakundwa akasema kwaya ameisikia maisha yake yote. Yeye anataka ukoo mzima ule nyama, na anataka ale sinia moja na Mwanaidi.

Huyo Mwanaidi alikuwa mama yake Hemedi. Wanawake wale wawili waliletwa Kilongwa wakiwa mabibi arusi mwaka mmoja, wote wageni wa mlima ule. Walisaidiana kuni, wakapokezana watoto mgongoni, wakazika waume zao. Mmoja alikwenda kanisani na mwingine alivuta tasbihi, na wakirudi waliketi kwenye mkeka mmoja. Wakati Nakundwa amelazwa, Mwanaidi alikataa nyama. Alisema ataila siku Nakundwa atakaporudi, waile pamoja. Kila mtu alilijua jambo hilo. Anaeli alilijua kuliko wote, maana yeye ndiye aliyelipeleka neno hilo hospitalini, na mama yake alicheka kitandani kwa mara ya kwanza tangu augue.

Basi ng'ombe akapatikana, siku ikapangwa, na Hemedi akaambiwa anoe kisu.

Wiki ile ile watu walikuwa kijitoni wakiosha tangawizi. Mgombea wa chama cha Anaeli alikuwa amepita jana yake na kuahidi barabara ya gari mpaka Kilongwa. Anaeli aliisifu ahadi hiyo mbele ya wote, akaeleza itakapopita na itakapokata kona. Hemedi aliendelea kuosha tangawizi yake. Kisha akasema kwa upole kwamba barabara hiyo yeye anaiamini. Imeahidiwa kila uchaguzi, kwa hiyo bila shaka ilishajengwa zamani, ila wameificha ili sisi tusiichafue kwa miguu yetu.

Watu wakaangua kicheko. Wachuuzi wakacheka, akina mama wakacheka. Hata Naetwe, mke wa Anaeli, aliinamia kikapu chake na mabega yakamtikisika.

Anaeli alitafuta neno la barabara, hakulipata. Angeweza kucheka pamoja nao, na siku ingepita. Lakini aliyaona mabega ya mke wake, na hasira ikampanda. Kwa kuwa neno la barabara lilikosekana, akachukua neno lingine lililokuwa karibu.

"Mtu anayegusisha paji la uso chini mara tano kwa siku," akasema, "barabara ataionea wapi?"

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja Mkristo akatazama kando kana kwamba ni yeye aliyesema. Hemedi akasimama, maji yakimchuruzika mikononi.

"Baba Elisifa," akamwambia Anaeli, akimwita kwa jina la mtoto wake, "mimi nimecheka chama chako. Wewe umecheka sala yangu. Hiyo mizigo haipimwi kwenye mzani mmoja."

Anaeli alijua maneno hayo ni kweli wakati ule ule yalipokuwa yanasemwa, na hilo ndilo lililomfanya awe mgumu zaidi.

"Basi na kisu chako kaa nacho," akajibu. "Ng'ombe wa mama yangu nitamchinja mwenyewe, na jua litachomoza kama kawaida."

Hemedi akasema, "Sawa." Akabeba kikapu chake, tangawizi nusu ikiwa bado na udongo, akaondoka. Waliobaki waliyachukua maneno ya Anaeli kuwa hasira ya kupita tu, wala hawakuyatangaza.

Nyumbani, Naetwe alimwambia mumewe aende akaombe radhi kabla ya jua kuchwa. Anaeli akasema hana cha kuombea radhi, yalikuwa maneno ya kijitoni. Naetwe akasema kama hawezi kwenda kwa Hemedi, basi amwite Mzee Shabani wa kitongoji cha juu aje achinje. Anaeli akasema akimwita Shabani, kesho yake kijiji kizima kitasema ameshindwa. Naetwe akaomba basi angalau apike sufuria moja ya maharage pembeni, kwa ajili ya wale ambao hawatakula nyama hiyo. Hapo Anaeli akapiga meza. Alisema sufuria ya pembeni ni sawa na kukiri kosa. Nyama ni nyama, aliyeumba ng'ombe ni mmoja, na watu wakifika atawaambia yeye mwenyewe kwa kinywa chake.

Na kweli alikusudia kuwaambia. Jioni ile alijiona moyoni mwake amesimama uani, kifua mbele, anamwambia Hemedi mbele ya watu kwamba amechinja na mbingu hazikuanguka. Hotuba ile ilikuwa tamu, akairudia mpaka akaizoea.

Alfajiri ya siku ya shukrani alimchinja ng'ombe. Eliamani, kaka yake Naetwe, ndiye aliyeshika pembe. Eliamani alitazama njia ya mfereji, akauliza kama Hemedi amechelewa. Anaeli akamwambia ashike vizuri. Hakuwa amezoea kisu. Alikuwa ameshika pembe maisha yake yote, na mnyama aliteseka kidogo kabla ya kutulia. Walichuna kimya kimya, kazi ambayo siku zote ilikuwa na masimulizi na utani, na Anaeli akaona asubuhi ile ni ndefu.

Saa za chakula zikakaribia, watu wakaanza kuingia uani. Anaeli alisimama mlangoni akimtafuta Hemedi kwa macho, hotuba yake ikiwa tayari mdomoni. Hemedi hakuja. Aliyekuja alikuwa Bi Mwanaidi, na fimbo mkono mmoja, na khanga mpya imekunjwa kwapani, zawadi ya mwenzake. Alikuwa amevaa vizuri kama mtu anayekwenda arusini. Akaushika mkono wa Anaeli, hakuuachia.

"Mwanangu, umemheshimu mama yako, na Mungu atakuheshimu," akasema. "Hemedi utamsamehe. Mkwewe anaumwa huko mjini, ameshuka kumwona. Nilimsikia akitoka alfajiri, nikajua anapitia kwako kwanza na kisu chake."

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema. Anaeli alifungua mdomo. Mbele yake hakuwa Hemedi. Alikuwa ni kikongwe anayenukia udi, ambaye mtoto wake alikuwa amekwenda safari bila kumwambia mama yake hata neno moja la ugomvi, ili asimharibie siku. Ile hotuba tamu ilikuwa imetungwa kwa ajili ya mtu mwingine.

"Karibu, mama," Anaeli akasema. Basi.

Baada ya hapo kila mgeni alikuja na uzito wake. Wakaja watoto wa shangazi zake, Waislamu wa bondeni, wakamsalimu kwa furaha. Akasema karibuni. Wakaja wake zao, wakaingia moja kwa moja jikoni kumsaidia Naetwe kupakua, na Naetwe akamtazama mumewe kupitia moshi, naye akageuza uso. Kila aliposema karibuni, lile neno lililotakiwa kusemwa likazidi kushuka chini, kama jiwe linalozama kwenye ndiva. Alijiambia atasema baada ya sala. Mchungaji akaomba, akamaliza. Kisha Mzee Shabani akaombwa naye asome dua, kama ilivyokuwa kawaida ya ukoo. Alipomaliza, akaongeza maneno machache. Alimshukuru Mungu kwamba katika mwaka huu wa kelele, wakati huko nje watu wanatengana kwa ajili ya bendera, ukoo wa Senkondo bado unamwita ndugu kushika kisu na ndugu kushika pembe. Watu wakaitikia amina kwa pamoja. Anaeli akaitikia pia.

Masinia yakaletwa. Bibi Nakundwa na Bi Mwanaidi waliketishwa katikati, kwenye mkeka, na sinia lao likawekwa mbele yao. Walinawishwa mikono. Bibi Nakundwa akalisogeza pande lililonona upande wa mwenzake, kama mtu anavyomfanyia mtoto.

"Ule," akamwambia. "Miezi yote hii umekondeana kwa ajili yangu."

"Wewe ndiye uliyekonda, mimi nilikuwa nakusindikiza," Bi Mwanaidi akajibu, na wanawake wakacheka. Kisha akasema bismillahi, akamega wali na nyama, akainua mkono.

Anaeli alikuwa amesimama karibu na nguzo ya baraza. Aliuona mkono ule ukipanda. Akajua kwamba akinyamaza kwa muda wa pumzi moja tu, jambo litakwisha na hakuna atakayejua isipokuwa watu watatu wa nyumba yake. Akajua pia kwamba kuanzia hapo, kila atakapomwona mama huyu akienda kusali, atakuwa amemwibia kitu asichoweza kukirudisha.

"Mama, usile."

Alidhani amepaza sauti. Ilitoka kama sauti ya mgonjwa. Lakini uani palikuwa pametulia kwa ajili ya wale vikongwe, na watu wote wakasikia, wakageuka.

"Hemedi hakuchinja," akasema. "Nimechinja mimi."

Mkono wa Bi Mwanaidi ukasimama hewani. Mzee Shabani akauliza taratibu kama pengine alikosa mtu wa kumwita, maana yeye alikuwa nyumbani tangu juzi.

"Sikukosa mtu," Anaeli akasema. "Nilikuwa na hasira. Nilimtukania Hemedi sala yake kwa sababu ya siasa, kisha nikachinja ili nimwonyeshe. Mmefika, nikawakaribisha, nikanyamaza."

Hakuna aliyemkemea. Angetaka mtu amkemee. Bi Mwanaidi akaurudisha wali ule kwenye ukingo wa sinia, polepole, asidondoshe hata punje. Akaomba maji. Akanawa mkono wake vizuri, kidole kwa kidole, akaukausha kwenye upindo wa khanga.

"Umesema kabla sijameza," akamwambia. "Ahsante, mwanangu."

Ahsante hiyo ilimchoma Anaeli kuliko kofi. Watu wakaangalia upande wa mama yake. Bibi Nakundwa alikuwa na tonge lake mkononi. Akalitazama, akalirudisha.

"Tangu niolewe katika ukoo huu sijatafuna huku Mwanaidi ananitazama," akasema. "Sitaanza leo nikiwa sina meno."

Akalisukuma sinia. Mchungaji naye akaondoa mkono wake kwenye sinia lake. Wakristo waliokuwa wameanza kula wakaacha, kwa maana nani angetafuna peke yake mbele ya shangazi yake aliyekaa tu? Pilau ikaanza kupoa uani kote. Watu walikaa kidogo kwa adabu, wakazungumza habari za mvua. Kisha Waislamu wakaanza kuaga. Walimshukuru Naetwe kwa kazi, wakamtakia Bibi Nakundwa afya njema, wakampa Anaeli mkono, kila mmoja. Mzee Shabani alikunja mkeka aliokalia, akauegemeza ukutani. Baada yao Wakristo nao wakakumbuka kazi: huyu ana mbuzi wa kuhamisha, yule ameacha mtoto. Eliamani alikuwa wa mwisho. Aliweka kisu kilichooshwa juu ya dirisha, akaondoka.

Uani pakabaki masufuria. Ng'ombe mzima alikuwa ndani yake, amekwisha kuiva. Anaeli alikaa kwenye ngazi ya baraza. Bibi Nakundwa, ambaye hakuwa ameondoka kwenye mkeka wake, akamwita, akamwambia achukue sahani ale.

Anaeli akasema hana njaa.

"Sikukuuliza njaa," mama yake akasema. "Mnyama amekufa, na chakula hakitupwi katika nyumba yangu. Kula."

Akala. Alikaa mbele ya mama yake, mtu mzima mwenye wajukuu, akatafuna nyama huku yule mama akimtazama bila kumsaidia hata kwa tonge moja. Nyama ilikuwa laini, Naetwe alikuwa ameipika kwa ustadi, lakini kila alipomeza aliona aibu kama mtu anayekula msibani. Alipomaliza sahani, Bibi Nakundwa akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu anayeeleza tu kitu anachokiona.

"Mchinja kwa hasira hula peke yake."

Naetwe alikuwa mlangoni, akalisikia. Kesho yake neno lilikuwa limevuka mfereji.

Lakini Anaeli hakungoja kesho. Alasiri ile ile alikamata jogoo wake mkubwa, akamfunga miguu, akaenda kwa Hemedi. Alimkuta ndiyo kwanza amerudi kutoka mjini, viatu bado vina vumbi, hajaingia ndani. Anaeli alitaka Hemedi alisikie jambo hilo kwake kabla hajalisikia kwa mtu mwingine, kwa hiyo alilieleza lote pale pale wamesimama. Hakuficha hata zile karibu alizowapa wageni.

Hemedi alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyozoea kumsikiliza kwenye ukingo wa ndiva.

"Mama alikula?" akauliza.

"Hapana. Nilimzuia."

"Ulimzuia lini?"

"Mkono ukiwa njiani."

Hemedi alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena.

"Nilijua umenikasirikia," akasema. "Nilijua hutaniita mimi. Ya kuchinja mwenyewe niliyachukua kuwa maneno ya hasira, nikajua utamwita Shabani. Baba Elisifa, haikunijia hata mara moja kwamba mama yangu anahitaji kuonywa asile kwako."

Anaeli alitazama chini. Alikuwa na maneno mengi njiani, sasa yalibaki machache. Akasema anaomba radhi kwa ajili ya mama, na kabla ya hilo anaomba radhi kwa ajili ya neno la kijitoni, kwa sababu lile ndilo lililozaa hili. Hemedi akaitikia kwa kichwa. Hakusema amesamehe, wala hakusema hakusamehe. Ndipo Anaeli akamtoa yule jogoo kwapani, akamwomba amchinje sasa hivi, ili mama zao wale pamoja kabla siku haijaisha.

Hemedi akamtazama jogoo, akautazama mkono wake mwenyewe.

"Siwezi," akasema. "Leo nina hasira. Nikilitaja jina la Mungu sasa hivi litatoka mdomoni tu. Mrudishe nyumbani. Njoo Ijumaa, baada ya sala."

Basi Anaeli akageuka na jogoo wake. Njia ya kurudi ilipita katikati ya kitongoji, na ilikuwa saa ambayo watu wako nje wanachambua mboga. Jogoo, kwa kuwa hajui mambo ya watu, aliwika njia nzima. Vijana walimwamkia Anaeli shikamoo kwa heshima zote, naye akaitikia marahaba. Hakuna aliyemuuliza anatoka wapi na jogoo hai. Alitamani wamuulize.

Ijumaa alikwenda tena, akangoja nje ya msikiti mpaka watu wakatoka. Walikwenda uani kwa Hemedi. Hemedi alishika kisu, Anaeli alishika mbawa. Walifanya kazi hiyo bila maneno mengi, lakini walipokuwa wananyonyoa Hemedi alisema kwamba jogoo ni mgumu kama siasa za chama fulani, na Anaeli, ambaye wiki iliyopita angekuwa na jibu, alicheka mpaka macho yakamtoka machozi. Sijui kama yale machozi yote yalikuwa ya kicheko.

Naetwe na mke wa Hemedi walipika pamoja. Bibi Nakundwa alivushwa mfereji akishikwa mikono huku na huku. Mkeka ukatandikwa, sinia likaja. Anaeli alichukua birika na beseni, akapiga magoti, akawanawisha wale mama wawili, kazi ya watoto wa nyumba. Bi Mwanaidi alisema bismillahi, akamega, akala. Bibi Nakundwa akala. Mke wa Hemedi akamwambia Anaeli naye asogee kwenye sinia la wanaume. Anaeli akasema ameshiba. Hakuwa ameshiba. Alibaki ameshika birika pale pembeni, akiwatazama wale vikongwe wakitafuna polepole kwa fizi zao, mpaka sinia likabaki mifupa.

Bibi Nakijwa akarudia kugeuza tangawizi yake. Akawaambia wajukuu wasije wakadhani watu wale waliacha kubishana. Walirudi kwenye ndiva, Anaeli na kanisa lake na chama chake, Hemedi na msikiti wake na kicheko chake, wakabishana mpaka wakazeeka, na mpaka wanazikwa kila mmoja alikuwa bado na lake. Kura walipiga kila mtu kwake.

Godlisten akauliza uchaguzi ule alishinda nani.

Bibi alifikiri, kipande cha tangawizi kikiwa mkononi. Akasema hilo amelisahau. Anachokumbuka ni watu waliotoka pale uani bila kula, na yule mmoja aliyekaa kwenye ngazi na sahani yake, na masufuria yamejaa mbele yake.

Mchinja kwa hasira hula peke yake.